Imani ya Mzazi, Damu ya Mtoto na Saa Nane ya Usiku

Aliyewahi kulala wodi ya watoto mkoani Tabora msimu wa mvua hahitaji kuhadithiwa malaria. Kitanda kimoja watoto wawili, mama zao wamejikunja sakafuni juu ya kanga, na kila baada ya muda nesi anapita akivifungua viganja vya watoto mmoja baada ya mwingine na kuvimulika kwa tochi ya simu. Anatafuta rangi. Kiganja cha mtoto mwenye damu ya kutosha kina wekundu wake, hata awe mweusi kiasi gani. Cha mtoto aliyeishiwa damu ni cheupe kama kimepakwa unga wa muhogo.

Nililala kwenye wodi kama hiyo nikimuuguza mpwa wangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kitanda cha jirani alikuwapo mtoto wa kiume wa kama miaka miwili. Majibu yake ya maabara yalirudi saa nane ya usiku: malaria nyingi, na kiwango cha damu gramu 5, wakati mtoto wa umri ule alitakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Daktari wa zamu akaagiza aongezewe damu. Nesi akaleta fomu ya ridhaa. Baba akaisoma yote, polepole, akiufuata mstari kwa kidole, kisha akairudisha bila sahihi.

"Dokta, mimi sikatai matibabu," alisema. "Mpeni dawa zote mlizonazo. Hata kumpasua, mpasueni. Damu ndiyo siwezi. Mungu ameikataza."

Hakusema kwa ukali. Sauti ilimkatika katikati, na mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha mwanawe muda wote, akihesabu pumzi. Mkewe hakusema neno. Ninayaandika haya kwanza kwa sababu mjadala huu mara nyingi huanza kwa kumchora mzazi wa namna ile kama mtu asiyempenda mtoto wake. Niliyemwona mimi alikuwa anampenda, na aliamini kwamba kuna jambo baya kuliko kifo ambalo alikuwa anamkinga nalo.

Kwa Mashahidi wa Yehova, dini ya baba yule, msimamo huo haukutungwa usiku ule. Dini yao imekataza kuongezewa damu tangu mwaka 1945, wakisimamia andiko la Matendo ya Mitume sura ya 15, pale mitume walipowaagiza waamini wajiepushe na damu. Dawa, sindano na upasuaji wanavikubali. Hata baadhi ya visehemu vidogo vinavyotolewa katika damu huachiwa dhamiri ya mtu mwenyewe. Makanisa mengine yaliyo mengi hulisoma andiko lile kama katazo la kula damu, nami ndivyo ninavyolisoma. Lakini hoja yangu haitegemei nani anaisoma Biblia vizuri zaidi. Serikali haina kazi ya kuwa mwalimu wa Biblia, na siku itakapoanza kuchagua tafsiri iliyo sahihi, sote tutakuwa hatarini.

Hoja yangu ni ya saa. Katika matibabu ya mtoto, swali si imani ya mzazi ina nguvu kiasi gani. Swali ni mtoto ana muda kiasi gani. Penye siku, wiki au miezi, mzazi asikilizwe, abembelezwe, aletewe mzee wa kanisa lake au shehe wake, atafutiwe njia nyingine. Pasipo na muda huo, sahihi yake isiwe kufuli.

Sasa nirudi kwa yule mtoto. Daktari, baada ya kubishana na baba kwa karibu nusu saa, alimwangalia mgonjwa upya. Alikuwa macho, hapumui kwa kuvuta mbavu, na bado aliweza kunyonya. Akachomwa sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, na daktari akaagiza apimwe damu tena baada ya saa chache, kisha tena. Homa ikashuka. Damu haikushuka zaidi. Siku ya nne wakaruhusiwa na dawa za kuongeza damu, na tukaagana vizuri mlangoni.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa sokoni, nilisikia habari ileile kwa mtu ambaye hakuwapo. Ilikuwa imekua. Sasa madaktari walikuwa wametamka kwamba mtoto hafiki asubuhi bila damu, baba akakataa, akaomba, na mtoto akainuka. Aliyekuwa akisimulia hakuwa hata muumini wa dini ya yule baba. Alikuwa ametoka kwenye kundi la maombi na aliipenda hadithi. Na waliokuwa wakisikiliza ni akina mama wenye watoto migongoni, katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta ukiongoza nchi nzima kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano: takriban watoto 23 kati ya kila 100 waliopimwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8.

Niliumia kuliko usiku ule wa wodini, kwa sababu kilichomsaidia mtoto yule kinaelezeka. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi kwa watoto waliofika hospitalini wakiwa na upungufu mkali wa damu. Kundi mojawapo lilikuwa la watoto wenye kati ya gramu 4 na 6 ambao hawakuwa na dalili za hatari: hawajapoteza fahamu, hawapumui kwa shida. Baadhi yao waliongezewa damu hapo hapo, wengine wakangojewa kwa uangalizi wa karibu. Vifo havikutofautiana sana. Yule mtoto wa kitanda cha jirani alikuwa wa kundi hilo. Lakini ushuhuda wa sokoni uliiacha nusu ya pili ya habari: karibu nusu ya wale waliongojewa waliishia kuongezewa damu, baada ya hali yao kugeuka. Waliweza kungojewa kwa kuwa damu ilikuwapo na ruhusa ya kuitumia ilikuwapo.

Mtoto mwenye gramu 3 ni habari nyingine kabisa. Malaria imezipasua chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba hewa kutoka mapafuni. Moyo unakimbia ili kidogo kilichobaki kizunguke haraka, mwili unajaa tindikali, pumzi zinakuwa ndefu na nzito, pua zinatanuka. Artesuneti inaua vimelea, na inaviua vizuri sana, ila hairudishi damu iliyokwisha kuharibika. Kazi hiyo ni ya mifupa, nayo inahitaji siku nyingi. Vidonge vya madini ya chuma ni kazi ya wiki. Mtoto wa hivyo hana siku. Watoto wengi wa namna hiyo hufariki ndani ya saa chache tangu walipopokelewa. Anachohitaji, akiwa na kilo 10, ni kama mililita 200 za damu. Glasi moja.

Waliokufa kwa kukosa glasi hiyo hawasimami kanisani kutoa ushuhuda. Kwa hiyo kila ushuhuda unaotufikia ni wa aliyepona, na mama anayeusikia hana namna ya kujua gramu zilikuwa ngapi.

Sheria yetu inasemaje? Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikashuka chini zaidi: kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na kifungu cha 8 kinaitaja huduma ya afya na chanjo kwa jina, kikikataza mtu yeyote kumnyima mtoto. Anayekiuka anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miezi sita. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa kwa sababu ya dini". Kwa hiyo wanaosema sheria ya Tanzania imenyamaza kuhusu jambo hili, hawajaisoma.

Ila ukiisoma ukiwa umesimama wodini saa nane ya usiku, utaona ilipopungua. Inamweleza mzazi wajibu wake, na inaeleza adhabu yake baadaye. Haimwelezi daktari wa zamu nani aweke sahihi sasa hivi. Afisa ustawi wa jamii analala nyumbani kwake, pengine kilomita 40 kutoka kituo kile. Hakimu naye amelala. Daktari amebaki na fomu isiyo na sahihi mkononi na baba aliyesimama mbele yake. Akiongeza damu kwa nguvu, anaogopa kushtakiwa na kupigwa. Asipoongeza, anakwenda kukaa na picha ya kile kiganja maisha yake yote. Nimezungumza na wauguzi wa kutosha kujua kwamba wengi hutafuta njia ya pembeni: wanamwita mjomba au bibi, yeyote mwenye udugu asaini. Wakati mwingine inafanikiwa. Lakini uhai wa mtoto hautakiwi kutegemea kama mjomba ana simu yenye chaji.

Afrika Kusini waliliona pengo hili wakaliziba. Sheria yao ya watoto, namba 38 ya mwaka 2005, kifungu cha 129, inasema mzazi hawezi kukataa ridhaa kwa sababu ya imani peke yake, isipokuwa aonyeshe kwamba ipo njia nyingine inayokubalika kitabibu. Na pale ambapo maisha yanaweza kupotea na hakuna nafasi ya kungoja, mkuu wa hospitali anaruhusiwa kutoa ridhaa yeye mwenyewe. Ninakipenda kifungu hicho kwa sababu hakimdhalilishi muumini. Kinamwambia: tuonyeshe njia yako, kama ipo tutaifuata. Mtoto wa gramu 5 aliye macho anayo njia hiyo, ya kungojewa na kupimwa. Mtoto wa gramu 3 anayetweta hana.

Marekani mabishano ni ya zamani zaidi. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Shahidi wa Yehova aliyekuwa akienda na binti aliyemlea kugawa vijarida mitaani, iliandika kwamba wazazi wana uhuru wa kujitoa wenyewe kuwa mashahidi wa imani yao hadi kufa, lakini hawana uhuru wa kuwafanya watoto wao hivyo kabla hawajafika umri wa kuchagua. Kesi haikuhusu damu hata kidogo, na bado sentensi hiyo imeingia katika hukumu nyingi za hospitali tangu hapo. Ningependa hoja hiyo isikike kwa Kiswahili chetu, ambamo neno lake tunalo tangu zamani: mtoto ni amana. Misikitini wanasema hivyo, makanisani wanasema hivyo. Mwenye kushika amana ana mamlaka makubwa juu yake, lakini hana mamlaka ya kuitoa sadaka kwa niaba ya mwenyewe.

Nisiwabebeshe mzigo wote Mashahidi. Ninavyoona mimi, katika mkoa huu si wao wanaochelewesha watoto wengi. Muumini wao huja hospitali siku ya kwanza ya homa, na mvutano unaanza tu damu ikitajwa. Wanaonitia hofu zaidi ni wanaofika siku ya tano. Mtoto amepata degedege, wazee wakasema hiyo si ya sindano, akichomwa atakufa. Akapelekwa kwa mganga, au akalazwa mbele ya madhabahu usiku mbili. Hawa hawakatai fomu; wanaifikia wakati wino hauna kazi tena. Mama akiulizwa kwa nini, atajibu, "Baba yake alikuwa shamba." Baba yuko kwenye tumbaku huko Kaliua au Urambo, na nyumbani hakuna wa kuamua bila yeye. Hapo imani, mila na umaskini vimefungwa fundo moja, na asiyelifungua taratibu atalikaza. Mama ajue jambo moja jepesi: yeye naye ni mzazi, na sahihi yake peke yake inatosha.

Kwa wale wanaoomba, nami ni mtu wa kuomba. Waraka wa Yakobo unataka wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta; haukusema afungiwe mlango wa hospitali. Luka, aliyeandika Injili, anatajwa na Paulo kuwa tabibu. Waislamu wana kanuni yao maarufu kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, na Surat al-Maida, aya ya 32, inamhesabu aliyeokoa nafsi moja kama aliyewaokoa watu wote. Na kwa mkoa wa Tabora, nani aliyetujengea hospitali za vijijini? Wamoravian Sikonge, Wakatoliki Ndala, Wapentekoste Nkinga. Bibi zetu wamejifungulia mikononi mwa masista. Mtu anayesema dini na sindano ni maadui katika ardhi hii anaisahau historia ya mkoa wake mwenyewe.

Kuna jambo ambalo serikali lazima iambiwe pia, maana haki ya kumlazimisha mzazi ina bei. Kituo cha Kanda ya Magharibi cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kiko hapahapa Tabora mjini, lakini safari ya chupa ya damu kutoka kituoni hadi kitanda cha mtoto wilayani ni ndefu, na wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Desemba, na mvua imeshaanza, friji hupungua. Nimewahi kuona familia ikibembelezwa hadi ikakubali, kisha ikaambiwa damu ya kundi lile haipo, itafutwe kwa ndugu. Hakuna kinachovunja imani ya watu kwa hospitali haraka kama hicho. Hospitali inayotaka kuivuka sahihi ya mzazi iwe kwanza na glasi hiyo ndani ya friji.

Na wapo wanaotaja dini huku hofu yao ni nyingine. Ukiwavuta pembeni, wanauliza kama damu haina ukimwi. Hao wanahitaji mtu akae nao dakika 10 awaeleze kwamba damu inapimwa ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kutumika, na kwamba hulinganishwa na ya mtoto maabara. Baadhi yao husaini baada ya maelezo hayo. Kumpeleka mtu wa namna hiyo mahakamani ni kukosea mgonjwa na dawa.

Chanjo ninaiweka kando kwa sababu hiyohiyo ya saa. Mzazi anayesita kuhusu chanjo ya surua au ya saratani ya mlango wa kizazi anakosea, ninaamini, lakini kliniki ipo wiki ijayo, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kurudi mara tatu. Nguvu itumike mwisho kabisa.

Gumu kweli ni la mtoto mkubwa. Binti wa miaka 16 anayesema kwa kinywa chake, "Hii ni imani yangu, si ya baba," unamjibu nini? Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kutoa maoni yake, na tangu 2019 sheria yetu ya ukimwi inamruhusu mtoto wa miaka 15 kukubali kupimwa bila mzazi. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana wa karibu miaka 16 mwenye saratani ya damu aliikataa damu pamoja na wazazi wake. Jaji aliyesikiliza shauri aliona ni kijana mwenye akili, na bado akaamuru aongezewe. Alipofika miaka 18 akakataa tena, safari hii kwa haki yake, akafariki. Nimeifikiria kesi hiyo mara nyingi. Bado ningeamua kama jaji, kwa sababu miaka ile miwili ilimpa nafasi ya kubadili mawazo, nafasi ambayo kifo hakimpi mtu. Lakini sitamwita mjinga anayeamua vingine.

Kwa mtoto wa miaka miwili sina mashaka. Yeye hajachagua dini bado. Hajui hata jina la mkoa wake.

Ninachowaomba Mashahidi wa Yehova, na ninaomba kwa heshima, ni hiki: muumini anayejua kwamba hatakubali damu, awe wa kwanza mtaani kwa chandarua, wa kwanza kupima homa, wa kwanza kumpeleka mtoto kliniki kupimwa damu kabla ya mvua. Upungufu ukikamatwa kwenye gramu 8, vidonge vinatosha na dhamiri yake haiguswi. Wazee wao wanaozungumza na hospitali kwa niaba ya waamini waitwe mezani mwezi wa Septemba, wakae na madaktari, wakubaliane hadi wapi mtoto atangojewa na kutoka wapi hatangojewa tena. Baba yule asingekuwa peke yake saa nane ya usiku, na daktari naye asingekuwa peke yake.

Fomu niliyoiona mikononi mwake ilikuwa karatasi moja iliyofifia kwa kutolewa fotokopi mara nyingi. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina na sahihi ya mzazi au mlezi. Chini ya mstari huo palikuwa peupe, upana wa vidole vinne. Sheria ikirekebishwa, hapo uingie mstari wa pili, wa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, au anayemwakilisha usiku, pamoja na jina la mtaalamu mwingine aliyemwona mtoto, kiwango cha damu, dalili za hatari zilizoonekana, na saa. Asubuhi nakala moja iende kwa afisa ustawi wa jamii. Nyingine apewe baba, mkononi, na daktari yuleyule, wakiwa wameketi.